Kulilaza Gari la Mzee Spana

Ufunguo wa gari ulikuwa ndani ya debe la unga, chini kabisa, umeviringishwa katika mfuko wa nailoni. Na gari lenyewe lilikuwa linanguruma uani.

Mwalimu alisimama jikoni, mkono umezama debeni hadi kiwiko, vidole vimeufumbata ufunguo huo kana kwamba ungeweza kumponyoka ukakimbia. Akatega sikio. Hakukosea. Ule mngurumo aliujua kama anavyojua kikohozi cha mumewe. Akatoka mbio, mkono mweupe pe kwa unga, roho juujuu.

Mumewe alikuwa ameketi nyuma ya usukani. Alikuwa amevaa ile ovaroli yake ya buluu, ambayo nayo Mwalimu alikuwa ameificha, kwenye sanduku la mablanketi. Chini ya usukani nyaya mbili zilikuwa zimechomolewa na kusokotwa pamoja kwa unadhifu, kama nywele za mtoto anayepelekwa shule.

"Leo tunalilaza, au siyo?" alisema. "Nimelipasha moto kidogo."

Mwalimu akaufuta unga kwenye kanga. "Nani amekwambia?"

"Wewe. Juzi ulikuwa unaongea na binti yako kwenye simu. Mnadhani nimekuwa kiziwi?" Alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Gari halilazwi kama gunia la viazi, Mwalimu. Lina taratibu zake. Ngoja nichukue vifaa vyangu."

Kwa miaka arobaini mtaa mzima ulimwita Mzee Spana. Wenye magari walikuwa wakipita mbele ya gereji yake bila kusimama, naye akiwapigia kelele kutoka chini ya gari la mtu mwingine: "Wewe! Beringi ya kushoto hiyo, usifike nayo mbali!" Na kweli hawakufika nayo mbali. Mkewe, aliyefundisha hesabu shule ya msingi mpaka alipostaafu, alizoea kusema kwamba mwanamume huyu alikuwa na masikio mawili ya watu na la tatu la mashine. Sasa ugonjwa ulikuwa unamnyofoa kidogo kidogo. Ulianza na majina ya mitaa, ukaja kwenye majirani, ukaja kwenye kama amekula au hajala. Daktari alikuwa amemweka Mwalimu kitako na kumweleza polepole yatakayofuata, na Mwalimu aliyavumilia yote isipokuwa moja, ambalo tangu siku hiyo lilikuwa likimwamsha alfajiri na kumkalia kifuani: kwamba iko siku mumewe atamtazama asimjue.

Siku hiyo ilikuwa haijafika. Kila kitu kilikuwa kinasahaulika, lakini "Mwalimu" alikuwa bado Mwalimu.

Kilichomfanya akate shauri kuhusu gari ni yale ya wiki tatu zilizopita. Walikuwa wakitoka sokoni, yeye kiti cha pembeni na kapu mapajani, na katikati ya makutano ya barabara mumewe alizima injini. Akaweka mikono juu ya mapaja, akatulia, kama mtu aliyefika. Lori la mchanga lilikuwa linateremka kutoka kulia huku likipiga honi mfululizo. Mwalimu alipiga ukelele. Mumewe akamgeukia kwa upole kabisa, akaviangalia vile vikanyagio vitatu vilivyo miguuni mwake, akauliza, "Hivi hivi ni vya nini?" Lori liliwapita kwa upana wa kiganja. Nyanya zilitapakaa sakafuni mwa gari, na kwa siku mbili Mwalimu hakuweza kushika kikombe bila kutumia mikono yote miwili.

Kuficha ufunguo kulikuwa kama kumficha samaki maji. Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, ndiye aliyetafuta lile eneo la maghala ya kupangisha na kuomba awekewe chumba kimoja. "Uliuze tu, mama," alisema kwanza. Mwalimu akabadili mazungumzo. Binti akapumua. "Haya, basi lilaze. Lakini baba asijue." Na mpango ulikuwa huo: jirani amshike Mzee Spana kwa mazungumzo asubuhi ya leo, na Mwalimu alitoroshe gari. Sasa mpango ulikuwa umekaa pale mbele ukiwa na ovaroli na sanduku la spana.

Akashika usukani yeye. Mumewe, aliyemfundisha kuendesha zamani kwa matusi na vicheko, alikaa kando yake bila kuhoji. Njia nzima Mwalimu aliendesha jicho moja barabarani na jicho moja kwenye mkono ule wa kuume wa mumewe, uliokuwa umetulia karibu mno na gia. Waliweka mafuta tangi likajaa hadi mdomoni, kwa sababu Mzee Spana alisema tangi tupu hushika kutu kwa ndani. Wakajaza upepo kwenye magurudumu kupita kipimo cha kila siku, kwa sababu alisema gari lililolala huelemea upande mmoja kama mgonjwa. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomtia Mwalimu hofu zaidi. Angalau mtu anayekosea kila kitu unajua namna ya kumlinda.

Maghala yalikuwa safu sita za vyumba vilivyoshikana, kila kimoja na mlango wa chuma wa kukunjwa kwenda juu, rangi ya kijivu, namba nyeupe. Hapakuwa na mti wala mtu. Msimamizi, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwapokea na kuwatembeza hadi chumba cha mwisho cha safu ya tano.

"Msiwe na wasiwasi," alisema akiusukuma mlango juu. "Hapa kila kitu kinakaa salama. Safu ya pili nina jeneza la mzee mmoja. Alilinunua mapema, mke akalikataa nyumbani. Kila mwezi anakuja kulifuta vumbi. Yuko fiti kuliko mimi!"

Mzee Spana alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anakitazama chumba: sakafu ya saruji, kuta tatu, hakuna dirisha.

Waliingiza gari kinyumenyume. Mzee Spana alifungua boneti na kuanza, na Mwalimu akamwona mumewe akirudi. Hakuna neno jingine la kulielezea. Mabega yalinyooka. Mikono, iliyokuwa asubuhi inahangaika na vifungo vya shati, ilienda moja kwa moja mahali pake. Alimwaga oili chafu kwenye karai, akabadilisha chujio, akamimina mpya huku akiupima ule uzi wa oili kwa jicho. Aliweka jeki, akalipandisha gari juu ya stendi nne moja baada ya nyingine, akizitikisa kila moja kwa teke. "Breki ya mkono usiivute," alimwambia. "Itang'ang'ania. Ukija mwakani utalikuta limeuma meno." Mwalimu alimpa vifaa kama alivyoviomba. Kwa muda wa nusu saa alisahau kuogopa.

"Bado nini?" aliuliza.

"Kuliwasha kidogo, oili mpya izunguke ifike kila pembe. Halafu natoa nyaya za betri, naziba bomba la moshi kwa kitambaa panya wasijenge, tunalifunika. Lete ufunguo."

"Nisubiri. Naenda ofisini kutia saini, nikirudi tutaliwasha pamoja." Akautia ufunguo mkobani, akaufunga mkoba kwa zipu, akaondoka, kana kwamba asubuhi ile hakuziona zile nyaya zilizosokotwa.

Ofisini msimamizi alimsogezea fomu. Jina la mpangaji, aliandika. Namba ya gari, aliandika.

"Na hapa," msimamizi alisema akigonga mstari kwa kalamu, "mtu mwingine anayeruhusiwa kulitoa. Tumuandike mzee?"

Mwalimu aliinamia ile karatasi. Alikumbuka siku gari lilipofika nyumbani likiwa mkweche, bila milango miwili, na jinsi mumewe alivyolijenga upya kwa miezi saba, akirudi ndani kila jioni na habari ya sehemu moja iliyopona. Akaandika: *Hakuna.* Neno lenyewe lilionekana baya, kama tusi alilomwandikia mtu ukutani. Alikuwa anajiuliza kama anaweza kulifuta aliposikia sauti kutoka mbali, nzito, ya kusongeka, kama mtu anayenguruma ndani ya mto wa kulalia.

Msimamizi aliinua kichwa. "Nani anawasha gari?"

Mwalimu alikwisha kutoka. Alikimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia tangu usichana wake, viatu vikimwacha, mkoba ukimpiga ubavuni. Safu ya tatu. Safu ya nne. Alipokata kona ya safu ya tano alijua kabla hajaona, maana sauti ilikuwa bado imefumbwa. Mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa hadi chini. Kwenye ufa mwembamba wa sakafuni, moshi wa kijivu ulikuwa unatambaa nje taratibu, bila haraka yoyote.

Aliushika ule mlango kwa chini akauvuta. Ukainuka upana wa ukucha, ukagoma. Akavuta tena mpaka mgongo ukamlia. Ulikuwa umezuiwa kwa ndani.

"Fungua!" Akaupiga kwa viganja vyote viwili, bati zima likatetemeka kwa kishindo. "Fungua mlango! Zima gari!"

Msimamizi alifika akihema. Akajaribu naye, akashindwa. "Kuna mtaimbo stoo," akasema, uso umempauka. "Nakuja!" Akageuka na kukimbia na unene wake, kalamu zikimdondoka njiani.

"Ni mimi!" Mwalimu alipiga tena. "Unanisikia? Ni mimi!"

Kisha sauti ya mumewe, karibu sana, kama aliyesimama upande wa pili kabisa wa bati.

"Nani?"

"Mimi! Mke wako!"

Injini iliunguruma. Mwalimu alihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Mke wangu yuko nyumbani," sauti ilisema. "Wewe ni nani? Ondoka hapo. Hii ni gereji ya watu, siyo pa kupigapiga."

Lile jambo lililokuwa likimkalia kifuani kila alfajiri lilikuwa limefika, nalo halikuja kama alivyoliwaza, mezani, kwenye mwanga, na yeye akimshika mkono. Lilikuja nyuma ya bati lililofungwa, pamoja na moshi. Alifungua kinywa ili apige kelele nyingine, amwite jina ambalo yeye peke yake alimwita, amwapie, amlilie. Ndipo alipomsikia akikohoa, na baada ya kikohozi akamsikia akisema, kwa sauti ya chini isiyokusudiwa kusikika na mtu, "Mungu wangu, wanataka nini hawa?"

Alikuwa anaogopa.

Mwalimu alibaki amejishika kwenye bati. Miezi yote hii hofu ilikuwa yake. Aliibeba, akailaza, akaiamsha, akaificha kwenye madebe pamoja na funguo, na hakuwahi kufikiri kwamba humo ndani yake mumewe naye anaweza kuwa amesimama peke yake, akisikia dunia inampigia mlango kwa majina asiyoyajua. Kila alipopiga kelele alikuwa anamsukuma ndani zaidi, kwenye moshi.

Akaondoa viganja kwenye bati. Akafuta uso kwa kanga. Akabisha kwa kidole kimoja, mara tatu, kwa adabu.

"Hodi, fundi."

Moshi ulimwingia puani, macho yakamwasha.

"Hodi hapa, fundi."

"Karibu," ilisema sauti ya ndani, yenyewe tu, kama inavyotoka kwa mtu yeyote.

"Ahsante. Samahani kwa kukuvuruga kazini. Nimekuja kuliangalia gari langu."

"Lipi?"

"Hilo ulilo nalo mkononi."

"Aa." Kikohozi. Kilikuwa kirefu, na kilipokwisha maneno yalikuja yamelegea kidogo, kama ya mlevi. "Bado hilo, mama. Oili inazunguka. Nipe dakika kumi."

*Mama.* Katika miaka yote hakuwahi kumwita hivyo. Mwalimu aliliacha neno limpite, kama mtu anayejibanza ukutani gari kubwa lipite.

"Fundi, ulinipa dakika kumi nilipokuja mwanzo. Zimekwisha."

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha. Nimezihesabu. Mimi ni mtu wa hesabu."

"Basi mimi ndiye nimechelewa." Alisema kwa haya, haya ya fundi aliyekuwa hajawahi kumchelewesha mteja. "Unisamehe."

"Hakuna neno. Zima tu, uje unieleze hali yake. Nakuamini."

Kulikuwa na hatua, za kuburuta. Kitu cha chuma kilianguka. Mwalimu alijiuma kidole. Kisha injini ikakata, na ukimya ulioingia ukawa mkubwa kuliko kelele.

"Fundi?"

Akaweka sikio kwenye bati.

"Fundi, mlango wako naona umenikwamia huku nje."

"Hauja... haujakwama." Sauti ilitoka chini, kama ya mtu aliyekaa. "Nimeuzuia kwa bisibisi. Vumbi. Vumbi lisiingie kwenye injini."

"Vizuri. Nyanyuka, fundi, uitoe hiyo bisibisi. Iko mkono wa kulia wako, siyo?"

"Kulia."

"Nyanyuka taratibu. Nipo hapa."

Alimsikia akijivuta, akimsikia kwa ngozi, kwa meno. Bisibisi ilikwaruza kwenye reli ya mlango, ikakwaruza tena, ikadondoka. Mwalimu alijitupa chini, akatia vidole chini ya bati na kuvuta, na wakati huohuo msimamizi akatokea na mtaimbo wake, akautupa kando, akavuta naye. Mlango ulipanda kwa ukelele. Moshi ukawamwagikia. Mzee Spana alikuwa amepiga goti, mkono mmoja umeshika bampa, uso umelowa jasho, macho mekundu. Wakamshika kwapani wakamburuta hadi nje kwenye upepo, mbali, hadi upande wa pili wa njia, wakamkalisha kivulini mwa ukuta.

Alikohoa mpaka akatapika. Msimamizi alileta maji, akamwinamia Mwalimu na kumnong'oneza, "Nimepigia simu zahanati ya mtaa wa pili. Wanasema aletwe, wamwangalie kifua na damu. Niwasindikize?"

"Tutafika," alisema Mwalimu. "Ahsante, ndugu yangu."

Mzee Spana alikunywa maji kwa mafunda madogo. Rangi ilimrudia polepole. Alipomaliza alimrudishia Mwalimu chupa, akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza, naye Mwalimu akausubiri uso ule ufunguke. Haukufunguka. Ulikuwa uso mwema wa fundi mbele ya mteja.

"Pole kwa kungoja," alisema. "Gari lako halina tatizo. Limebaki kutolewa nyaya za betri na kuzibwa bomba. Nikiliacha nusu sitalala."

Mwalimu alimzuia mpaka moshi wote ulipotoka, mlango ukiwa wazi hadi juu na msimamizi amesimama chini yake kama nguzo. Kisha akamshika mkono, wakaingia. Mzee Spana alinyosha kiganja, Mwalimu akamwekea spana namba kumi kabla hajaiomba. Alilegeza waya mmoja, kisha wa pili, akavifunga vichwa vyake kwa kitambaa. Aliziba bomba la moshi. Wakaikamata turubai ncha hii na hii, wakaitandaza juu ya gari, yeye upande wake na Mwalimu upande wake, wakiinyoosha mikunjo kama watu wanaotandika kitanda.

"Mwenyewe atalirudia lini?"

"Hajasema."

"Mwambie asikawie sana. Gari huwa linajua."

Msimamizi akateremsha mlango, akafunga kufuli. Mwalimu aliushika ule ufunguo wa kufuli na hakujua autie wapi. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande. Mumewe alisimama kando ya njia, sanduku la spana mkononi, anaangalia huku na kule kwenye safu zile za milango ya kijivu iliyofanana; na Mwalimu akaiona tena ile hofu, ikimpanda usoni kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Akamsogelea, lakini siyo karibu mno.

"Fundi, unaelekea wapi?"

"Nyumbani." Akasita. "Nyumbani kwangu. Ni huko..." Mkono uliinuka, ukakosa pa kuelekeza, ukashuka.

"Napajua. Nami naelekea hukohuko. Tupitie zahanati kwanza, umemeza moshi mwingi, halafu tuongozane."

"Itakuwa vizuri," alisema, na mabega yakamshuka kwa nafuu. "Lakini tusikae sana huko. Mke wangu atakuwa ananingoja. Nikichelewa huwa anaogopa. Hasemi, lakini mimi namjua."

Mwalimu alilipokea lile sanduku, lilikuwa zito, akampa mkono mwingine. Mzee Spana aliushika bila kuuliza. Wakatoka getini. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka kazini, na hakuna aliyewaangalia mara mbili wazee wale wawili. Mwalimu hakujua watakapofika mlangoni yeye atakuwa nani, wala atamwambia nini akimtafuta mkewe vyumbani asimwone.

"Yukoje?" aliuliza. "Huyo mkeo."

Mzee Spana alifikiri kidogo. Kisha akatabasamu peke yake, akaanza kumweleza. Na Mwalimu akapunguza mwendo.